Seti ya kupimia sukari za mikunde: nimekaa nayo miezi kadhaa, haya ndo niliyoyaona

Wadau, naona maswali yamezidi kuhusu ile seti ya vimeng'enya (protini zinazokata au kuunganisha molekuli) ya kupimia sukari za mbegu za mikunde, ile yenye vichupa vya invertasi na alfa-galaktosidasi na kemikali ya kutoa rangi ya waridi, basi leo naandika yote kwa mkupuo mmoja nipumzike kujibu inboksi. Kampuni sitaitaja, kwanza kuna mambo nitayalalamikia na sitafuti ugomvi na mtu, pili seti za namna hii zinafanana kama pacha, ukishaijua moja hizo nyingine ni kubadilisha boksi tu.

Kwa haraka haraka: ni nzuri, nimeipenda, nitanunua tena. Ila kuna kitu kimoja ambacho kwenye boksi hakijaandikwa kwa herufi kubwa na kilitakiwa kiandikwe hadi kwenye kifuniko, kwamba hii seti inaona glukosi tu. Basi. Kila namba inayokupa ni glukosi imevalishwa nguo nyingine. Ukilishika hilo mtaishi vizuri nayo, ukilisahau utaandika matokeo ya ajabu kama nilivyoandika mimi mwezi wa kwanza.

Nianze na kilichonipeleka huko. Nafuatilia jinsi mbegu za mikunde (maharage, njegere, soya, kunde na ndugu zao) zinavyojitengenezea zile sukari za ukoo wa rafinosi. Zile zile zinazotufanya tujambe tukila maharage, tusemane ukweli. Utumbo wetu mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzikata, zinapita nzima nzima mpaka chini kwenye utumbo mpana, huko bakteria wanazipokea kwa shangwe na gesi inaanza. Ukiziangalia kwa umbo ni rahisi tu, ni kama treni: kichwa ni sukrosi, yaani sukari hii hii ya kwenye chai (glukosi na fruktosi zimeshikana), halafu kila behewa ni galaktosi, sukari ndogo nyingine. Behewa moja ni rafinosi, mawili ni stakiosi, matatu ni verbaskosi.

Sasa mmea unayaunganishaje hayo mabehewa, hapo ndo patamu. Kwanza sukrosi yenyewe inajengwa kwenye majani: sukrosi-fosfati sinthasi anachukua glukosi iliyobebwa na UDP (molekuli ya kubebea sukari) anaiunganisha na fruktosi yenye fosfati, halafu mwenzake fosfatasi anakuja kuiondoa ile fosfati na sukrosi inabaki safi tayari kusafiri. (Hii habari ya sukari kubebwa na UDP ndo iliyompa Luis Leloir wa Argentina Nobeli ya kemia mwaka 1970, na kusema kweli bila yeye nusu ya ninayoandika hapa ingekuwa ramli.) Ikifika kwenye mbegu inakutana na galaktinoli sinthasi, huyu ndo mlinzi wa geti. Anachukua galaktosi kutoka kwa UDP anaipachika kwenye mayo-inositoli (molekuli ndogo inayofanana na sukari), inatoka galaktinoli. Galaktinoli kazi yake kubwa hapa ni kubeba galaktosi, ni bodaboda. Rafinosi sinthasi anamshusha abiria kwenye sukrosi, inakuwa rafinosi, na inositoli inarudi kuchukua abiria mwingine. Stakiosi sinthasi anafanya hivyo hivyo juu ya rafinosi, na kwenye njegere huyo huyo wa stakiosi anaweza kuendelea mpaka verbaskosi, hana noma.

Halafu yupo sukrosi sinthasi, ambaye jina lake linadanganya watu kila siku. Ukisikia sinthasi unajua ni mjenzi, kumbe kwenye mbegu na kwenye vile vinundu vya mizizi anashinda akivunja sukrosi, maana anaweza kwenda mbele na kurudi nyuma. Kuna njegere zenye hitilafu kwenye jeni yake inayoitwa rug4, vinundu vinaota lakini kukamata naitrojeni haviwezi, yaani bakteria wamekaa ndani wana njaa kwa sababu aliyetakiwa kuwakatia sukari hayupo kazini. Nimeona wanafunzi wawili wamemchanganya huyu na yule wa kwenye majani mbele ya jopo, haikuwa siku nzuri kwao.

Haya turudi kwenye boksi.

Ndani unapata invertasi (inatoka kwenye hamira), alfa-galaktosidasi (inatoka kwenye ukungu wa Aspergillus niger), kemikali za kutengenezea ile bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi), glukosi oksidasi na peroksidasi kwa ajili ya rangi, na glukosi ya kulinganishia. Kazi yenyewe inatumia tyubu tatu kwa kila sampuli. Ya kwanza haina kimeng'enya chochote, inakuonyesha glukosi iliyokuwa huru tangu mwanzo. Ya pili unaweka invertasi, inakata sukrosi, glukosi inatoka. Ya tatu unaweka vyote viwili, alfa-galaktosidasi anang'oa mabehewa ya galaktosi, kinachobaki ni sukrosi, invertasi anamalizia. Unaziweka kwenye maji ya nyuzi 50 dakika 20, unamimina ile kemikali ya rangi, dakika 20 tena, unasoma kwenye mashine kwenye nanomita 510. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata sukrosi, ukitoa ya pili kwenye ya tatu unapata ukoo wa rafinosi. Hesabu ya darasa la nne.

Kilichonifurahisha ni kwamba unaona kwa macho kabla hata ya mashine. Sampuli ya soya kavu, tyubu ya kwanza karibu haina rangi, ya pili waridi, ya tatu waridi iliyokolea kabisa. Mara ya kwanza nimeziona zimepangana hivyo kwenye raki nilizipiga picha nikamtumia mama, akanijibu "hongera mwanangu, ni juisi?"

Na kuna ujanja mmoja mle ambao naukubali sana. Invertasi ya hamira ukimpa rafinosi haiachi, anaikata, ila anakata upande wa fruktosi, glukosi inabaki imeshikana na galaktosi. Kwa hiyo kwenye tyubu ya pili rafinosi inaguswa lakini haitoi glukosi huru, haiharibu hesabu ya sukrosi. Aliyekaa akafikiria hilo alikuwa na akili timamu.

Sasa malalamiko, maana nimeyaahidi.

La kwanza ni la kwangu mwenyewe ila kijitabu cha maelekezo nacho kinahusika. Kuna hatua ya mwanzo wanakuambia unga wa mbegu uuchemshe kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa dakika 5 kabla ya kuweka bafa. Wameiandika kwa mstari mmoja mkavu kama vile ni kuosha mikono. Mimi nikiwa na haraka zangu nikaona hii ni ya kutoa mafuta tu, nikairuka. Wee! Mbegu ina vimeng'enya vyake yenyewe, ina alfa-galaktosidasi yake imelala inasubiri maji tu iamke, na mimi nikaipa maji, tena kwenye bafa yenye asidi kidogo ambayo inaipenda. Maharage makavu yakanionyesha sukrosi nyingi na ukoo wa rafinosi kiduchu, na mbegu zilizochipua ndo kabisa, tyubu ya kwanza ambayo haina kimeng'enya ilikuwa waridi kama mashavu ya bibi harusi. Nikakaa wiki nzima najisifu nimegundua aina ya maharage yasiyo na gesi. Fundi wa maabara akapita akaangalia daftari langu akauliza, "kaka, ulizichemsha lakini?" Nikanyamaza. Ile ethanoli ya moto inawaua wale vimeng'enya wa mbegu kabla hawajala ushahidi, ndo kazi yake kubwa. Kijitabu kingesema hivyo kwa maneno hayo hayo ningeokoa wiki.

La pili ni kipeperushi cha hesabu. Ukijaza namba zako kinakupa jibu la ukoo mzima kwa uzito wa rafinosi. Sasa rafinosi molekuli yake ina uzito 504, lakini kwenye soya na maharage mengi kilichojaa ni stakiosi, ambayo ni 667, na kila moja ina glukosi moja tu bila kujali ina mabehewa mangapi. Kwa hiyo idadi ya molekuli ni sahihi kabisa ila gramu zinakuwa pungufu. Sampuli yako ikiwa ni stakiosi tupu, kipeperushi kikikuambia gramu 3 ukweli uko karibu na gramu 4. Choroko ambazo verbaskosi yake si haba (uzito 829) pengo linazidi hapo. Dawa yake ni kuripoti kwa milimoli, yaani kwa idadi ya molekuli, uachane na gramu, na kwa haki wameandika hivyo mahali fulani huko nyuma, ila ile fomu ya kujaza inakusukuma kwenye gramu na watu wengi tunajaza fomu, hatusomi nyuma.

La tatu ndo lililonitoa jasho kuliko yote na ndo linarudi kule kwenye glukosi niliyoanza nayo. Nilipima dengu, zile za duara zenye kama kipua kwa mbele. Matokeo yakaja ya chini, chini kuliko nilivyotarajia, nikarudia, nikachemsha ethanoli kama mtu anayepika kwa hasira, yale yale. Kumbe dengu zina sukari yake nyingine inaitwa sisiritoli, imepewa jina kutoka kwenye jina la kisayansi la dengu lenyewe, Cicer, na ni nyingi kwelikweli mle ndani. Sisiritoli ina galaktosi mbili ila hazijapachikwa kwenye sukrosi, zimepachikwa kwenye pinitoli, ndugu wa inositoli. Alfa-galaktosidasi anazing'oa vizuri tu, hana ubaguzi, lakini hapo hakuna glukosi ya kutoka, na peroksidasi hana cha kupaka rangi. Yaani kazi inafanyika, damu inamwagika, na tyubu haisemi kitu. Ukipima dengu au adesi kwa seti hii na ukaandika "galaktosidi zote" (yaani sukari zote zenye mabehewa ya galaktosi) umedanganya bila kukusudia.

Na kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kufuatilia galaktinoli hapa hana chake. Galaktinoli ni galaktosi na inositoli, glukosi haimo. Yule mlinzi wa geti niliyemsifia kule juu, mzigo anaoutoa kwa mikono yake hii seti haiuoni hata kidogo. Nimekutana na watu watatu wamenunua wakidhani itawapimia kazi ya galaktinoli sinthasi kwa sababu kwenye boksi pamechorwa njia nzima ya utengenezaji na yeye yupo kwenye mchoro. Mchoro ni mapambo. Kumpima yeye inabidi umpe UDP-galaktosi na inositoli mwenyewe halafu utafute galaktinoli kwa kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali moja moja), hakuna njia ya mkato.

Usafirishaji nao, nigusie tu. Boksi langu lilifika barafu imeshakuwa maji ya uvuguvugu, nikaandika barua pepe ya ukali, wakanijibu kwa upole kwamba vimeng'enya vinavumilia safari. Nilitaka kubisha lakini nilipojaribu na glukosi na sukrosi ya kulinganishia vilifanya kazi vizuri, basi nikameza maneno yangu. Kemikali ya rangi ndo ya kuangalia, ukishaichanganya ukaiacha inaanza kuwa na waridi yake yenyewe polepole, igawanye kwenye vichupa vidogo uigandishe, na usiingize pipeti iliyogusa sukari, nilishawahi kuharibu chupa nzima kwa uzembe wa sekunde mbili.

Lakini sasa ngoja niwaambie mahali ilipong'ara, maana nisije nikaonekana nimekuja kuponda tu.

Njegere za kukunjamana na njegere za duara. Hizi ndo zile zile za Mendel, yule mtawa wa sheria za urithi, kwenye mbegu 7,324 alipata za duara 5,474 na za kukunjamana 1,850, wote tumezikariri shuleni kama shairi bila kuambiwa kwa nini njegere inakunjamana. Mwaka 1990 watafiti wa kituo cha John Innes huko Uingereza wakaonyesha: kuna kipande cha kama herufi 800 za DNA kimejichomeka kwenye jeni ya kimeng'enya kinachoutia wanga matawi. Kimeng'enya hakipo kazini, wanga unapungua, sukrosi inarundikana haina pa kwenda, sukrosi inavuta maji, mbegu changa inavimba kuliko mwenzake, halafu ikikauka ngozi inabaki kubwa kwa mwili uliopungua, inakunjamana kama shati lililolaliwa. Nikachukua hizo mbili nikapima siku moja kwenye raki moja. Tyubu ya pili ya njegere ya kukunjamana iliwaka waridi mpaka mashine ikapitiliza, ikabidi nipunguze kwa maji mara kadhaa ndo isomeke. Ya duara ilikaa kistaarabu. Nimefundishwa Mendel mara nne katika maisha yangu na siku hiyo ndo nimemuona. Kwa mwalimu yeyote mwenye maabara hata ya kawaida hili zoezi peke yake linalipa seti nzima.

Na kuchipua. Niliotesha njegere nikachukua sampuli kavu, ya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu (safari hii nikichemsha kila kitu, nimejifunza). Tofauti kati ya tyubu ya pili na ya tatu inapungua kila siku, ile ya siku ya tatu tyubu mbili zilikuwa zimefanana kiasi kwamba niliweka alama kwa kalamu nisizichanganye. Mbegu imekula mabehewa yake yenyewe. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo, kwenye njegere watafiti wakizuia alfa-galaktosidasi kwa dawa uchipuaji unachelewa sana, ungesema basi hizi sukari ni chakula cha lazima cha mtoto, lakini soya zilizozalishwa na rafinosi na stakiosi kidogo zinachipua kama kawaida, hazina habari. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwa kujiamini "sukari hizi zipo kwa ajili ya kuchipua" muulize kwanza mmea gani.

Ukienda upande wa pili, mbegu ikiwa bado changa na ya kijani, tyubu ya pili na ya tatu hazitofautiani sana, ukoo wa rafinosi unajaa mwishoni mwishoni mbegu inapokomaa na kukauka. Nilichukua maganda ya umri tofauti kwenye mmea mmoja na nikaona ile tofauti inafunguka kama pazia. Haikuambii ni kimeng'enya gani kimeamka, inakuambia tu kwamba huko ndani watu wameanza kazi, na ukijua siku gani wameanza unajua lini uende na vifaa vyako vya maana ukawatafute. Kwangu mimi hiyo ndo imekuwa kazi yake halisi, inanionyesha ni sampuli 10 zipi kati ya 80 zinastahili kupelekwa kwenye kromatografia, ambako foleni ni ndefu na yule dada wa mashine hapendi mtu anayeleta sampuli ovyo.

Kwa hiyo nani anunue? Ukiwa unachagua aina za soya au maharage zenye gesi kidogo, unataka kupita sampuli nyingi na huna mashine kubwa, nunua bila kufikiria. Mwalimu, nunua. Ukiwa mtu wa dengu, acha, au nunua ukijua unapima nusu ya hadithi. Ukitaka kutofautisha rafinosi na stakiosi hii haitakusaidia hata ukiibembeleza, nenda kromatografia, hata ile ya sahani ya kawaida ambayo unaona madoa yamepangana, ni ya kizamani ila haikufichi kitu. Na ukitaka vimeng'enya vyenyewe vya kujenga, usidanganywe na mchoro wa kwenye boksi.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeishika, wataipata siku wakiandika ule mstari wa ethanoli kwa wino mwekundu. Kwa sasa nimebakiwa na invertasi ya kutosha na alfa-galaktosidasi karibu inaisha, hii nayo wangeifikiria, maana chupa zinaisha kwa kasi tofauti na moja moja hawauzi, mwenye iliyobaki anitafute tubadilishane.